Ukoo Nilioandika kwa Mkono Wangu

Mwandiko ni wangu, na hilo silikani. Karatasi iliyo ndani ya kioo, ukutani kwa baba mkubwa huko Kilwa Kivinje, niliiandika mimi nilipokuwa na miaka kumi na tisa, kwa kalamu aliyoninunulia yeye. Wageni wakiingia sebuleni huisogelea na kusoma jinsi ukoo wetu ulivyoshuka kutoka kwa mwana wa mfalme wa Shirazi, aliyekuja na jahazi zake hadi Kilwa Kisiwani, mpaka kwa baba mkubwa na marehemu baba yangu. Huusifu mwandiko. Husema aliyeandika alikuwa na mkono mzuri. Mimi nikiiona hujaa mate mdomoni, yale mate membamba ya mtu anayekaribia kutapika.

Nililelewa Kikole na bibi, mama yake baba. Baba alifariki nikiwa darasa la tatu, mama akaolewa mbali, na sisi wasichana wawili, mimi na mdogo wangu, tukabaki kwa bibi, katika nyumba ya udongo yenye mikorosho nyuma na shamba la ufuta ng'ambo ya njia. Bibi alikuwa mwanamke mfupi, mweusi tii, mwenye vidole vilivyoungua kwa mafuta ya maganda ya korosho mpaka vikawa laini kama vya mtoto. Hakuwa na maneno mengi. Akiwa peke yake jikoni aliimba kwa Kimatumbi. Tukiingia, aliacha.

Baba mkubwa, kaka yake baba, alikuja kutoka Kivinje mara mbili kwa mwaka, wakati wa ufuta na wakati wa korosho. Tulimjua kwa harufu kabla hatujamwona: udi uliofukizwa juu ya kanzu isiyofuliwa. Alitafuna tambuu na kutema mate mekundu katikati ya uwanja ambao bibi alikuwa ameufagia tangu alfajiri. Bibi alichota mchanga akayafukia. Kisha alichinja kuku. Baba mkubwa alikula peke yake kwenye mkeka barazani, akaanza na firigisi, akaenda kwenye kidari, akamaliza na mapaja, akiivuta mifupa kwa midomo mpaka ikatoa sauti. Sisi watoto tulipewa shingo na miguu. Bibi, mama yake mzazi, alikula mwisho kabisa, jikoni, ukoko na mchuzi uliobaki chini ya sufuria. Sikuona ajabu. Nilidhani ndivyo mama wa mtu mkubwa anavyokula.

Baada ya kula alituita, mimi na mdogo wangu, tukae mbele yake.

"Nani alikinunua kisiwa?"

"Babu yetu."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa nguo, baba mkubwa."

Hapo alianza kusimulia, na lazima niseme kweli, alijua kusimulia. Zamani Kisiwani kulikuwa na mtawala wa bara, mtu asiyekuwa na habari ya Mungu. Babu yetu alipotaka kukinunua kisiwa, yule mtu akasema: nipe nguo za kukizunguka chote. Babu yetu akatandika vitambaa, vyeupe na vya rangi, ufukwe mzima, mpaka ncha zikakutana. Yule akakusanya nguo zake akavuka kwenda bara. Babu yetu alijua kwamba atarudi na watu wa kupigana, kwa hiyo akapachimba pale walipokuwa wakivukia kwa miguu maji yakipwa, mpaka pakawa kina. Toka siku hiyo, alisema, ukoo ukapanda. Dhahabu ya Sofala ilipita mikononi mwetu. Tulipiga sarafu zetu wenyewe za shaba. Msikiti wetu ulikuwa na makuba, na jumba letu lilikuwa na bwawa la kuogea lenye pembe nane. Alisema "letu" na "wetu" huku mafuta ya kuku yaking'aa kwenye ndevu.

Alipofika kwenye kuanguka, sauti yake ilishuka. Mawaziri walianza kuweka masultani wasio na nguvu na kuwaondoa walipowachoka. Ndugu wakauana. Wareno walipokuja na mizinga, aliyekaa kwenye kiti hakuwa hata wa damu. Wakapora, wakajenga ngome, kisha wakaondoka. Baadaye wakaja Wazimba waliokula watu, na msaliti mmoja akawaonyesha pa kuvukia. Ukoo ukainuka kidogo, ukaanguka tena, Waarabu wa Omani wakashika mji, na sultani wa mwisho akatiwa chomboni akapelekwa Maskati asirudi.

"Lakini damu haipelekwi Maskati," alimaliza. "Damu iko hapa." Akajipiga kifua, kisha akatugusa vichwani, mmoja mmoja, kwa mkono ambao hakuwa amenawa.

Nilimwamini. Zaidi ya kumwamini, niliipenda hadithi ile. Kikole sisi sote tulilima ardhi ile ile na kuugua homa ile ile, lakini mimi nilikuwa mtoto wa jumba lenye bwawa. Siku moja, tukitoka shule, mama wa rafiki yangu alinipa maji kwenye kata. Nilikuwa na kiu, jua lilikuwa kali. Nikamwambia, kwa sauti ile ile ya baba mkubwa, kwamba sisi Washirazi hatunywi kwa Wamatumbi. Yule mama aliyamwaga maji chini taratibu na kuingia ndani. Habari zilifika nyumbani kabla yangu. Nilingoja kupigwa. Bibi hakunipiga. Alinitazama, kisha hakusema nami siku mbili, na kwa siku hizo mbili sikusikia wimbo wowote jikoni.

Nilipoanza chuo cha ualimu, baba mkubwa alikuja Kikole wakati wa likizo akiwa amebeba kopo la biskuti. Ndani mlikuwa na shajara ya ukoo, yaani nasaba yetu, karatasi ndefu ya maandishi ya Kiarabu iliyoliwa na mchwa pembeni. Alitaka inakiliwe kwa herufi za kisasa, itiwe kioo, kwa sababu watu wa mambo ya kale walikuwa wakipita Kivinje wakiuliza habari za familia za zamani. Alisema katika ukoo mzima hakuna mwenye mkono kama wangu. Nilikaa barazani na ubao juu ya magoti, yeye akisoma, mimi nikiandika. Bibi alikuwa hatua chache kutoka kwetu, akipepeta ufuta.

Nilikuwa nimesoma madrasa, kwa hiyo niliweza kufuata kidole chake kwenye karatasi. Ilikuwa na wanaume tu, fulani mwana wa fulani. Lakini tulipofika kwa babu yangu, baba mkubwa aliinua kidole.

"Hapa tutaweka na akina mama. Siku hizi wanauliza pande zote mbili." Alifikiri kidogo. "Mke wa babu yako, andika: binti wa sharifu wa Barawa."

Ungo wa bibi ulinyamaza.

"Bibi ni wa Barawa, huko kwa Wasomali?" niliuliza.

"Andika."

Nilimgeukia bibi. Alikuwa ameushika ungo kwa mikono miwili, ufuta umelala upande mmoja.

"Andika anachokuambia baba yako," alisema. Akainuka na ungo wake akaenda nyuma ya nyumba.

Niliandika. Nakumbuka niliipamba herufi ya kwanza ya Barawa kwa mkia mrefu unaozunguka, kisha nikaipuliza ikauke. Nilijivunia ule mkia.

Chuoni, mwalimu wetu wa historia alikuwa mtu mkavu asiyependa hadithi. Alipofika Kilwa alitusomea jambo ambalo baba mkubwa hakuwahi kulisema: kwamba sultani mmoja wa ukoo ule ule, wakati dhahabu ilipokuwa imekwisha na mji umebaki jina tu, alitia saini mkataba na Mfaransa wa kumpatia watu kila mwaka wa kwenda kulima visiwani mwake. Mwalimu alisoma kwa sauti ile ile anayotumia kutaja aina za udongo. Mimi nilikuwa nimekwisha waambia wenzangu kwamba ule ni ukoo wetu. Mmoja aligeuka akanitazama, si kwa ubaya, alitaka tu kuona sura yangu.

Sikukuu iliyofuata nilimwomba baba mkubwa anipeleke Kisiwani. Nilikuwa sijawahi kufika. Alifurahi. Wakati huo alikuwa amejifanya mwelezaji wa wageni, bila kutumwa na mtu. Tulivuka kutoka Masoko kwa boti ya mashine, tukapanda mpaka kwenye lile jumba la juu ya mwamba.

Sikatai kwamba ni kazi kubwa. Mawe ya matumbawe yamechongwa kwa mikono, na kumbi zinashuka kwa ngazi kuelekea baharini. Lakini bwawa la pembe nane, ambalo nilikuwa nimeliota utoto mzima, lilikuwa na kinyesi cha watu pembeni, kikavu na kingine kibichi, na nzi wa kijani. Ndani ya vyumba popo walikuwa wameacha tabaka jeusi sakafuni, na harufu yake ilipanda mpaka machoni. Baba mkubwa alitembea katikati ya vile vyote akinyoosha mkono kama mtu anayeonyesha nyumba yake aliyoijenga jana.

"Baba mkubwa," nilisema, "nani alikuwa akijaza maji bwawa hili? Kisima kiko mbali."

"Watu wa kazi."

"Watumwa."

"Watu wa kazi," alirudia.

"Tumefundishwa kwamba sultani mmoja aliweka mkataba na Mfaransa, wa kumuuzia watu."

Alicheka, tambuu ikaonekana kwenye meno. "Hiyo ni biashara. Kila mtu aliuza. Na hawakuwa watu wetu. Walikuwa wa bara, washenzi."

Tulishuka kwenye makaburi. Kulikuwa na moja ambalo zamani lilipambwa kwa mabakuli ya Kichina yaliyopachikwa kwenye chokaa. Mengi yalikwisha kung'olewa, yamebaki mashimo ya mviringo. Kwenye shimo moja kilikuwa kimesalia kipande cha buluu na nyeupe, kikubwa kama kiganja cha mtoto. Baba mkubwa alitazama kushoto na kulia, akatoa kisu kidogo alichokuwa akikatia popoo za tambuu yake, akaanza kuchokonoa chokaa.

"Hili si kaburi la babu zetu?" nilimuuliza.

"Ndiyo maana ni letu. Yuko mzungu Kivinje anavitaka." Kipande kilitoka. Alikitemea mate, akakisugua kwenye kanzu, akakitia mfukoni pamoja na majani ya tambuu. "Waliolala hapa hawali tena kwenye bakuli."

Tulipokuwa tukirudi nilishika ukingo wa boti nikiwa na kichefuchefu. Mwendesha boti alidhani ni mawimbi, akanipa limau nilambe. Bahari ilikuwa shwari kabisa.

Ningependa kuandika kwamba siku ile nilimkabili, lakini sikumkabili. Nilimshukuru kwa safari. Nilipata kazi ya kufundisha Lindi, nikajenga chumba na sebule Mitwero, nikamchukua bibi aliyekuwa amepofuka kwa mtoto wa jicho, na mdogo wangu akaja naye na cherehani yake. Tuliishi hivyo miaka kadhaa, baba mkubwa akawa mtu wa kupigiwa simu sikukuu.

Kisha mdogo wangu akapata mchumba. Alikuwa mkulima wa korosho wa Milola, Mmwera, mtu mpole aliyekuja kushonesha suruali akarudi mara tatu kusema haijakaa sawa. Baba hakuwepo, babu hakuwepo, kaka hatuna. Walii, msimamizi wa kumwoza, alikuwa baba mkubwa. Tulimwita, akaja kwa basi, akakaa kwenye kochi langu siku mbili kabla ya wageni kufika, akitema kwenye kopo la maziwa ambalo ilibidi nilimwage mimi.

Wageni walikuwa watatu, wakiongozwa na mjomba wa kijana, mzee mwenye koti lililopauka mabegani. Walikunywa kahawa, wakauliza hali, kisha mjomba akaleta maneno.

"Tumekuja kuomba, mzee wetu. Kijana wetu anaswali, analima, hana mke mwingine. Amempenda binti yenu na sisi tumempenda."

"Kabila gani?"

"Wamwera. Wa Milola."

"Ndoa ina sharti la kufu, watu walingane kwa ukoo," alisema baba mkubwa. "Mnalijua?"

"Tunalijua. Tunajua pia kwamba Mungu hutazama uchaji."

"Mungu atazame uchaji. Mimi natazama ukoo."

Akaingiza mkono kwenye mfuko wa plastiki, akatoa nakala ya karatasi yangu iliyotolewa kwa mashine. Aliwasomea yote, kuanzia Shirazi. Wale wazee waliinamisha vichwa wakisikiliza kwa adabu, kama watu wanaosikiliza hotuba ndefu msikitini. Alipofika "binti wa sharifu wa Barawa" nikaliona pazia la chumbani linatikisika. Bibi alitoka akipapasa ukuta. Nilimwendea akashika bega langu.

"Mama yangu hakuiona Barawa hata ndotoni," alisema.

"Mama, kuna wageni," alisema baba mkubwa.

"Ndio ninaosema nao." Alielekeza uso wake upande wa harufu ya kahawa. "Mama yangu alizaliwa Umatumbini. Vita vya Majimaji vilipokwisha, Wajerumani walichoma maghala na mashamba, watu wakala mizizi. Baba yake akamshika mkono, wakatembea mpaka Kivinje, kwenye nyumba ya watu hawa. Akapewa kanda moja la mtama, mfuko wa ukili tu. Akaondoka na mtama, mtoto akabaki. Alisema mvua zikinyesha atakuja kumkomboa. Hakuja. Labda alikufa njiani, hatukujua. Jina alilokuja nalo wakalitupa, wakampa la kuchezea, kama unavyompa paka. Baba yangu alikuwa mchota maji wa nyumba hiyo hiyo. Mimi nilizaliwa jikoni. Nilipovunja ungo, mwana wa nyumba akanichukua. Hapakuwa na posa, hapakuwa na wazee waliokaa sebuleni kama ninyi. Baadaye sana ndipo akaitwa shehe akafunga ndoa, tumbo limekwisha kuwa kubwa. Tumbo hilo ni huyu."

Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni na sinia la visheti.

"Mama amezeeka," baba mkubwa aliwaambia wageni. "Anachanganya mambo."

"Nimezeeka. Sichanganyi."

"Mama, nyamaza. Unajivunjia heshima."

Baba mkubwa akawageukia wageni, na nilimwona akitafuta njia ya kutokea, akaipata. Alitabasamu.

"Na hata ingekuwa kweli, mtoto hufuata baba. Tumbo la mwanamke ni gunia tu. Kilichomo ni cha mwenyewe aliyekitia."

Alisema hayo mbele ya mama yake, yeye ameketi, mama amesimama. Nimeona mambo mengi machafu maishani, nimefundisha madarasa yenye vyoo vilivyofurika, nimeosha maiti, lakini sijawahi kusikia kinyaa kama kile. Kilikuwa kama mtu ameweka kitu kilichooza mdomoni mwangu. Na nilijua kwamba maneno aliyokuwa ameyashika mkononi niliyaandika mimi.

Mjomba wa kijana aliweka kikombe chini. "Mzee, tunaomba ruhusa. Tumesikia." Akainuka, wenzake wakamfuata. Kabla ya kutoka alimwendea bibi, akaupokea mkono wake kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mfike salama."

Baba mkubwa alikataa ndoa. Alirudi Kivinje kesho yake kwa basi la kwanza, akiwa amekasirika kwamba sikumfungia chakula cha njiani. Mimi na mdogo wangu tulikwenda kwa kadhi. Alitusikiliza, akampigia simu baba mkubwa mbele yetu, akamuuliza sababu ya kukataa. Tulisikia sauti yake ikitoka kwenye simu, Shirazi, dhahabu, kufu. Kadhi alingoja mpaka akamaliza, akasema, "Mzee, hiyo si sababu," na akachukua yeye uwalii. Ndoa ilifungwa nyumbani kwangu Mitwero, watu wachache, pilau sufuria mbili. Bibi alikula na bibi harusi kwenye sinia moja. Alikula nyama polepole, akihisi kila kipande kwa vidole kabla ya kukitia mdomoni, na aliongezwa mara mbili.

Usiku mmoja, siku chache baadaye, nilimuuliza jambo lililokuwa likinikera.

"Bibi, kwa nini siku ile uliniambia niandike? Ungesema neno moja tu ningeacha."

"Usingeacha. Ulikuwa na haraka ya kuandika."

Nilimwomba anisamehe. Alisema amekwisha samehe zamani, kwa sauti ya mtu anayekuambia chumvi imekwisha, nikajua kwamba kusamehe na kusahau havikuwa kitu kimoja kwake. Kuanzia hapo aliniambia mengine, kidogo kidogo, jioni akiwa kwenye mkeka. Mama yake alilala kwenye kizingiti cha jikoni ili mtu asiingie wala kutoka bila kumruka. Aliwalea watoto wanne wa nyumba ile, na walipokua wakawa wanamwita kwa kupiga makofi. Bibi mwenyewe alijifunza nyimbo za Kimatumbi kwake, ila maana ya baadhi ya maneno hakuijua, kwa kuwa mama yake aliletwa akiwa mdogo mno akawa ameyasahau. Niliyaandika yote kwenye daftari la shule. Mara hii niliandika bila kupamba.

Bibi alifariki miaka mitatu baadaye, asubuhi, akiwa amemaliza uji. Tulimzika Kikole alivyotaka. Baba mkubwa alikuja akilia tangu njiani, kwa sauti iliyowafanya watu watoke kwenye nyumba zao. Alikuwa mwana mkubwa wa marehemu, hakuna aliyeweza kumzuia. Siku ya hitima, watu wakiwa wamejaa uwanjani, wanaume mbele na sisi wanawake nyuma ya turubai, alisimama kumtaja marehemu. Nikasikia karatasi ikikunjuliwa. Akamtaja kuwa mke wa mjukuu wa masultani, mama wa wana wa Kishirazi, na binti wa sharifu wa Barawa. Wanawake wa Kimatumbi waliokaa karibu yangu, waliomjua bibi miaka yote aliyokaa Kikole, waliolima naye na kuzalishwa naye, walitazama chini. Mmoja wao alikuwa mama yule wa kata ya maji, sasa mzee. Hakunitazama.

Niliinuka nikaenda nyuma ya jiko nikatapika. Mdogo wangu alinifuata akanishika paji la uso. "Kamwambie," alisema. Nilirudi nikiwa nimekusudia kusema mbele ya watu wote, lakini sinia zilikuwa zimekwisha pita na baba mkubwa alikuwa anakula. Amekaa mahali pale pale barazani, anavuta mfupa kwa midomo. Nilingoja watu wapungue, kisha nikamwendea.

"Baba mkubwa, naomba ile karatasi. Ya kwenye kioo, na nakala zake."

"Ya nini?"

"Niifute. Ina uongo, na uongo huo uko kwa mwandiko wangu."

Alinawa mikono, mara hii alinawa, akajifuta kwenye kanga ya bibi iliyokuwa kwenye kamba.

"Mwandiko ulikuwa wako. Kalamu ilikuwa yangu, na ukoo ni wangu. Wewe umeolewa? Una mtoto? Kwako mwisho ni wewe. Niache."

"Alikuzaa."

"Najua alinizaa," alisema, na kwa mara moja tu nikaona kitu usoni mwake ambacho hakikuwa majivuno. "Unadhani sijui nilizaliwa jikoni? Watoto wa mke mkubwa wa baba walinikumbusha kila siku. Hapakuwa na nafasi ya jikoni katika karatasi hiyo. Nikaitafuta nafasi."

Nilimsikia. Ningeweza kumhurumia, na huenda mtu mwema kuliko mimi angemhurumia. Lakini alikuwa bado ameishika kanga ya bibi, imejaa mafuta ya vidole vyake, na nilichoweza kufanya ni kuivuta kutoka mikononi mwake na kwenda kuifua.

Bado yu hai. Amepungua mwili, haendi tena Kisiwani, lakini wageni humfuata Kivinje. Kuna kijitabu kimoja cha kuwaelezea watalii ambacho kimeuchukua ukoo kama alivyoutoa. Nikipita huko kwa shughuli za shule huingia kumwamkia, kwa sababu ndivyo nilivyolelewa. Nasema shikamoo, anasema marahaba, nakaa mahali ambapo sitauona ukuta ule. Akinipa chai huinywa kama dawa.

Mdogo wangu ana watoto wawili Milola. Mwaka jana nilikwenda kwao msimu wa kupalilia. Jioni moja binti yake mkubwa alikuwa akimenya mihogo nami uani, akaniuliza tulitoka wapi, maana shuleni waliambiwa wakaulize nyumbani. Nilimweleza habari za mtoto aliyebadilishwa kwa kanda la mtama, tangu Umatumbini mpaka kizingiti cha jikoni. Nilimweleza pia habari za ule ukoo wa Kisiwani, kupanda kwake na kuanguka kwake, na nani aliyejaza bwawa maji, kwa sababu na huo ni wake, apende asipende. Alisikiliza bila kuacha kumenya.

"Mama mkubwa, huyo mtoto aliitwa nani? Jina la kwao."

"Hatujui. Hata bibi hakulijua."

"Sasa mimi niandike nini?"

Nilimwambia aandike hivyo hivyo, kwamba hatujui. Aliona si jibu zuri, na alinionyesha kwa uso. Akaninyang'anya muhogo nilioumenya vibaya, akaumalizia yeye.